Unga chini ya nondo

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika Masaka, Uganda, mwezi wa Novemba, wategaji huwasha taa kali usiku kucha, mabati yanang'aa na mapipa yanangoja chini. Wanaotumbukia si senene peke yao. Alfajiri nondo hutupwa kando, nami naokota niwakaushe na kuwatia kwenye fremu. (Nondo mdudu, si zile za kumwagia zege.) Wale wakubwa wa jamii ya Saturniidae wakishakuwa na mabawa hawali kitu, huishi siku chache tu, basi sioni kama nawadhulumu.

Aliyekakamaa namfungia siku mbili kwenye kopo lenye kitambaa kibichi mpaka alegee. Pini isiyoshika kutu inapita katikati ya kidari. Za fundi cherehani zitakuaibisha mvua ya kwanza tu. Mabawa nayatandaza ubaoni, nayabana kwa vipande vya karatasi bila kuyagusa kwa vidole, maana ile rangi ni magamba madogo na itahamia kidoleni. Wiki mbili anakauka, masika tatu.

Wengi huishia hapo wakatundika fremu sebuleni. Nami nilifanya hivyo. Siku moja nikaona chini ya nondo wangu vumbi la kahawia, laini kama unga wa ulezi. Nikagonga kioo, tumbo likadondoka: ganda tupu. Ndani kulikuwa na buu mwenye manyoya, hafiki nusu sentimita. Ni mtoto wa mbawakavu aitwaye Anthrenus, anayekula wadudu wakavu akianzia ndani, kwa hiyo ukiona unga ujue ameshakula siku nyingi.

Vidonge vya nafthalini, vile vya kabati la nguo, humfukuza tu, tena mvuke wake si wa kulala nao chumba kimoja. Kinachomuua ni friza: nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili, fremu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Ukiutoa usiufungue mpaka ubaridi wote uishe, la sivyo unyevu utatanda juu ya mabawa na kuvu itafuata. Mama watoto alinuna kukuta nondo kando ya samaki wake ngege, lakini kila nondo mgeni sasa anapitia humo kwanza.

Ukutani chagua upande usiopigwa na jua, rangi isipauke. Na chini ya kila pini nachoma kikaratasi chenye mahali na tarehe. Mwisho wa mwezi nashusha fremu, namulika kwa tochi ya simu. Simuliki mabawa, namulika chini ya tumbo.