Uzito wa mama mjamzito na afya ya mtoto ukubwani: maswali na majibu

Nimepimwa kliniki nikaambiwa nina unene uliopitiliza. Wamejuaje? Mbona najiona wa kawaida tu?

Wanachukua kilo zako na kuzigawa kwa kipeo cha pili cha urefu wako wa mita, yaani urefu mara urefu. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 80 anapata 31. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. Hesabu hii inataka uzito wa kabla ya mimba au wa mwanzoni kabisa. Ukianza kliniki mimba ina miezi sita, mizani inampima na mtoto, na maji, na kondo la nyuma.

Mnene ni mimi. Mtoto anaingiaje hapo?

Sukari iliyo kwenye damu ya mama inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Kwa hiyo sukari yako ikipanda, kongosho la mtoto ndilo linalolazimika kutoa insulini nyingi, na kwa mtoto aliye tumboni insulini humfanya akue haraka na kujiwekea mafuta. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alishalieleza hili miaka ya 1950. Mama mnene, hata asiye na kisukari, mara nyingi insulini yake haifanyi kazi ipasavyo, hivyo mtoto hupata sukari na mafuta kupita mahitaji yake. Anazaliwa na kilo 4 na ushei, wageni wanamsifu kwa afya, kumbe mkunga alikuwa na kazi ngumu kuyatoa mabega.

Akishazaliwa salama si yameisha?

Hapana. Mjini Aberdeen, Scotland, watafiti walifukua kumbukumbu za kliniki za akina mama waliojifungua kati ya 1950 na 1976, wakawafuatilia watoto wao 37,709 hadi utu uzima. Matokeo yalitoka 2013: waliozaliwa na mama wenye unene uliopitiliza walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko wa mama wenye uzito wa kawaida, na ya kulazwa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 29. Kisukari cha ukubwani nacho huwapata zaidi watoto kama hawa. Hiyo ni hatari iliyoongezeka, si hukumu. Wengi wao hawapati lolote.

Si kurithi tu huko? Au chakula cha nyumbani?

Vyote vimo, na atakayekwambia ni tumbo la mama peke yake anakudanganya. Ila kuna njia ya kutenganisha: linganisha watoto wa mama mmoja. Huko Quebec, Kanada, walichunguzwa watoto wa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Waliozaliwa baada ya upasuaji walikuwa na unene uliopitiliza kwa kiwango cha karibu nusu tu ya ndugu zao waliotangulia. Mama yuleyule, jiko lilelile.

Nina mimba ya miezi minne. Nijinyime nipungue?

Usijinyime. Mimba si wakati wa kukonda. Lengo ni kuongezeka kidogo: mwongozo wa Marekani wa 2009 unataja kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima kwa mama ambaye hesabu yake ile ya uzito na urefu ilianza na 30 na zaidi. Anza na soda na sukari ya chai, maana hizo hazimjengi mtoto chochote. Maharage, mchicha, dagaa, mayai na matunda vibaki. Tembea kila siku, kama daktari hajakukataza. Na lile la "kula kwa ajili ya watu wawili" wajibu wakwe kwa upole, kisha upakue sahani yako ya kawaida.

Ulizia pia kipimo cha kisukari cha mimba, kati ya wiki ya 24 na 28: unakwenda hujala, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, unapimwa damu tena baada ya saa mbili. Na presha isiachwe hata hudhurio moja, kwani unene huongeza hatari ya kifafa cha mimba.

Na nikishajifungua?

Nyonyesha maziwa yako peke yake miezi sita. Baadhi ya akina mama wanene maziwa huchelewa kutoka siku za mwanzo; mwombe nesi akusaidie kumweka mtoto titini kabla hujakimbilia kopo. Kupungua uzito ni kwa sasa, kabla ya mimba inayofuata, kwa hiyo mkija kumpima mtoto zungumza na nesi habari za uzazi wa mpango.