Kwa nini mkanda wa pedeli husokotwa mara moja kabla ya kufungwa?

Igeuze baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1970 utazame pedeli zake kwa chini. Utaona kitu kinachofanana na uzembe wa fundi: mkanda wa ngozi unaoshika kiatu umelala vizuri kila mahali, isipokuwa ndani ya pedeli, ambako umesokotwa mzunguko mmoja. Fundi hakuzembea. Alifanya hivyo makusudi, na huenda alitumia koleo.

Maelezo yanayomjia mtu haraka ni kwamba mkanda ulikuwa mrefu, ukasokotwa ili upungue. Yanasikika ya maana mpaka uushike mkanda wenyewe. Mzunguko mmoja hula milimita chache tu, wakati ncha inayobaki inaning'inia baada ya kufunga ni ndefu kuliko kidole. Tena urefu huo unatakiwa, maana mwendeshaji huinama akiwa mwendoni, akaikamata ncha na kuivuta. Mkanda ungekuwa umezidi kweli, kisu kipo.

Maelezo ya pili ni kwamba ngozi iliyosokotwa huwa imara kama kamba. Lakini kamba ni nyuzi nyingi zinazobanana, na mkanda ni kipande kimoja. Ukiusokota, mzigo unahamia kwenye kingo zake. Kwa uimara peke yake, afadhali ungeachwa bapa. Watengenezaji walipotaka mkanda usiorefuka walipita njia nyingine: waliweka utepe wa nailoni katikati ya tabaka mbili za ngozi.

Sababu yenyewe iko kwenye bizimu, kile kichuma cha kufungia. Kimeshikizwa mwisho mmoja wa mkanda, nacho hukaa upande wa nje, mbali na krenki (mkono wa chuma unaobeba pedeli), juu kidogo ya ukingo wa pedeli. Kutoka hapo mkanda unashuka, unaingia tundu la nje la pedeli, unatokea tundu la upande wa krenki, unapanda na kupita kwenye kitanzi cha kile kichuma kilichopinda kinachofunika ncha ya kiatu, halafu unarudi kwenye bizimu. Sasa vuta ncha. Ngozi inasuguana na meno ya bizimu, na bizimu nayo inataka kuifuata. Kinachoweza kuizuia ni ile sehemu ya mkanda iliyo ndani ya pedeli, na ngozi laini juu ya chuma laini haizuii sana. Mkanda mzima unazunguka, bizimu inapanda taratibu mpaka juu ya mguu, na kidole gumba kikienda kuifungua hakiikuti ilipoachwa. Mtu aliyefungwa miguu yote miwili ana kila sababu ya kujua bizimu iko wapi kabla baiskeli haijasimama.

Msokoto unazuiaje? Chukua ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, uupitishe kwenye nyufa mbili nyembamba zinazotazamana. Ukiwa bapa, unauvuta unapita wote. Usokote kati ya nyufa hizo, uvute tena: sasa kila kipande kinachoingia lazima kigeuzwe, na kila kinachotoka lazima kinyooshwe, na utepe mgumu hugoma kufanya kazi hiyo. Ngozi nene hugoma zaidi. Msokoto haufungi kitu kama fundo. Unafanya kuteleza kuwe kwa shida kiasi kwamba ncha inakubali kusogea peke yake na bizimu inabaki mahali pake.

Nusu mzunguko nao ungeleta ugumu, ila mkanda ungetokea upande wa pili umegeuka, uso wake wa nyuma ukiwa nje, na ungefika kwenye bizimu kinyume. Ungekuwa umefunga kitanzi chenye uso mmoja, kile ambacho August Möbius na Johann Listing walikigundua mwaka 1858, kila mmoja kivyake. Kinawafurahisha wanahisabati kuliko bizimu.

Wapo waendeshaji wazoefu wasiosokota kabisa, na si wajinga. Mkanda mpya, mnene, kwenye tundu linalobana, hutulia wenyewe. Msokoto unaonyesha faida zaidi ngozi ikishalainika kwa mvua na jasho.

Mikanda hii ilipewa majina makubwa. Mingi ya Italia ilichapwa jina la Alfredo Binda, mshindi mara 5 wa Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za kuzunguka Italia. Baada ya kampuni ya Look kuleta pedeli inayonasa soli ya kiatu mwaka 1984, na Bernard Hinault kushinda Tour de France akiitumia mwaka uliofuata, mikanda ikaanza kuachwa. Kwenye keirin ya Japani, mbio za baiskeli zinazochezewa kamari, zilizoanza Kokura mwaka 1948, bado inafungwa.

Ukifunga wako, anzia tundu la nje, sokota kabla ya kuingia tundu la pili, kisha vuta kwa koleo, maana ngozi mpya haipiti kwa vidole. Pedeli za mpira za Phoenix usihangaike nazo: hazina matundu ya kupitisha mkanda.