Panda mlima kwa mwendo wako, kichwa nacho kipumue

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi kwenye kitengo cha afya ya akili hospitalini hapa Morogoro, na leo nimepewa nafasi niongee kuhusu haiking maana sikuhizi kila wikiendi vijana wanashuka na mabasi kutoka Dar kuja kupanda Uluguru, na watu wananiuliza hivi ile kitu inasaidia kweli au ni mambo ya picha tu. Inasaidia. Ila inategemea umepandaje, na hapo ndo nataka nikae leo.

Wengi wanaokuja kuniona sio wagonjwa kama mtaani wanavyoelewa ugonjwa wa akili, ni mtu tu kichwa hakipumziki. Kalala saa nne usiku, saa nane yuko macho, anawaza deni, anawaza alivyojibiwa na bosi mbele za watu, anawaza jambo la miaka mitano iliyopita, inazunguka tu kama feni. Sasa mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua watu, wengine wakatembea dakika 90 kwenye nyasi na miti, wengine dakika hizo hizo pembeni ya barabara yenye magari mengi, wakapimwa ubongo kabla na baada. Waliopita kwenye miti mawazo ya kujirudia yalipungua na ile sehemu ya ubongo inayochemka mtu akijisulubu kwa mawazo ilitulia, wa barabarani hawakupata hiyo nafuu. Kutembea walitembea wote, tofauti ni walipopita. Mwaka 2019 tena kule England waliangalia taarifa za watu karibu 20,000, wakakuta wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili wengi wao wanajisikia vizuri zaidi kiafya na kimaisha, hata wakizipata vipande vipande. Haimaanishi ni miti peke yake inafanya hivyo, maana mwenye afya njema naye ni rahisi kutoka nyumbani, ila mimi kwa ninayoyaona kazini naamini kuna kitu pale.

Niwaambie nilivyojifunza mwenyewe. Mwaka niliofiwa na mama nilikua silali, rafiki yangu akanivuta twende Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani huko mlimani. Nikakazana na vijana wenye raba nzuri, nusu saa tu macho yanaona giza, nikakaa kwenye jiwe, kifua kinapanda na kushuka. Hapo akapita mama mmoja wa Kiluguru anashuka na ndizi kichwani, mkungu mzima, miguuni kandambili, hatua fupi fupi hata kijasho hana. Akasimama akaniambia, "Pole mwanangu, mlima haukimbizwi, nenda unapumua." Akaondoka zake. Nikaanza kupanda kama nilivyomuona yeye anashuka, hatua fupi, na baada ya kama saa moja nikajikuta nalia huku natembea, kilio ambacho msibani hakikutoka.

Kipimo cha mwendo ni rahisi sana wala hauhitaji saa ya kisasa: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza. Na kwenye makundi naomba mbadilike, wa nyuma ndo apange mwendo. Nimeliona mara nyingi, waliotangulia wanakaa kumsubiri, yule dada wa mwisho anafika anahema, wao washapumzika wanainuka "haya twende", yeye hapumziki hata dakika, alafu anarudi nyumbani anasema mlima sio wa watu kama mimi.

Hiyo kauli sasa, "watu kama mimi", ndo kitu muhimu kuliko kilele. Mwili ukichoka, mtu anaanza kujisemesha mwenyewe. Mwingine anajitukana, mzembe mimi, nimezidi unene, nawachelewesha wenzangu. Mwingine hasemi anaumwa mguu mpaka umvimbe maana hajazoea kuomba msaada. Mwingine lazima awe wa kwanza hata kwenye njia ambayo hamna mashindano. Yale maneno ni yale yale anayojiambia nyumbani na ofisini, ofisini kwangu naweza kukaa na mtu wiki kadhaa kabla hatujayasikia, mlimani kwenye mwinuko yanatoka yenyewe. Kwahiyo ukipanda, yasikilize. Tenga dakika 20 hivi njiani msiongee, data zimezimwa, mpishane hatua chache lakini mnaonana, usiende peke yako. Mkifika chini andika hata mistari mitatu ya uliyokua unajiambia.

Mengine nayapitia haraka. Mwezi wa tatu mpaka wa tano masika imekolea, ule udongo mwekundu unateleza kama mlenda, juni mpaka septemba ndo pazuri. Kilele cha Lupanga hapa Uluguru ni mita 2,138, kiko ndani ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, chukua kibali na mwongozaji, ukungu ukishuka njia huioni, na huko juu kuna baridi hata kama mjini umeacha jua kali, beba sweta. Maji ya kutosha, na chupa urudi nayo, wa Dar mkumbuke mto Ruvu mnaounywa unaanzia kwenye milima hii. Mwenye presha, pumu au moyo aonane na daktari kwanza. Na naliomba hili kwa uzito kabisa: kama unatumia dawa za sonona usiziache eti umeanza kupanda mlima, na kama unawaza kujidhuru usije mlimani, njoo hospitali iliyo karibu leo leo, hata usiku, au mwambie mtu akulete.

Na kugeuza njiani kunaruhusiwa jamani. Kuna mteja wangu mmoja hajawahi kufika juu, anaishia kwenye kijito cha kwanza, anakaa nusu saa miguu kwenye maji, anashuka.

Mimi jumamosi naanza kupanda saa 12 na nusu asubuhi, muda ambao kina mama wanashuka na ndizi na mboga kuwahi soko. Ukikutana nao wapishe upande wa mlima, wao ndo wana mzigo, na uwasalimie.