Kukimbia asubuhi ya baridi Nakuru: maswali ya wanaoanza

Julai hii hata kutoka kitandani ni vita. Kwa nini mtu mwenye akili timamu atoke nje kukimbia?

Kwa sababu baridi ndiyo itakayokufanya ufurahie. Misuli ikifanya kazi, karibu robo tatu ya nishati inayotumika hugeuka joto. Inayobaki ndiyo inayokusogeza. Mchana wa jua kali, moyo wako unalazimika kupeleka damu kwenye misuli na papo hapo kwenye ngozi ili joto litoke, na anayeanza anaishiwa nguvu kabla ya kufika mbali. Asubuhi ya digrii 10 au 12, hewa yenyewe inakupoza. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 2019, alikimbia asubuhi ya baridi ya aina hiyo, na waandalizi walikuwa wameisaka kwa makusudi. Yeye alitafutiwa. Wewe unaletewa hadi mlangoni.

Mbona basi mimi nikianza naona mateso tu?

Dakika tano za kwanza ni mbaya kwa karibu kila mtu, na wanaokwambia vingine wanakudanganya. Misuli inadai oksijeni mara moja, ilhali moyo na mapafu huchukua dakika kadhaa kufikia kasi inayotakiwa. Ngoja. Mahali fulani karibu na dakika ya kumi vidole vinapata joto, pumzi inatulia, na unashangaa kwamba hujafikiria deni wala bosi tangu ulipotoka. Zamani raha hii ilihusishwa na endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Siku hizi watafiti wanazitaja zaidi kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea na ambazo ni ndugu wa zile zilizomo kwenye bangi. Hizi polisi hawana habari nazo.

Mama anasema nitashikwa na nimonia.

Nimonia huletwa na bakteria na virusi, mara chache kuvu. Hewa ya baridi peke yake haikupi. Ukiniuliza mimi, matatu iliyojaa abiria wanaokohoa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, ni hatari kuliko barabara za Milimani alfajiri.

Hata hivyo usimjibu mama kwa ukali, ana sehemu ya ukweli. Hewa ya baridi ni kavu, na njia za hewa zinapokauka zinaweza kuwasha na kubana. Ndiyo maana pua hutiririka: inajitahidi kulainisha hewa. Beba hanchifu; huo si ugonjwa. Lakini kama una homa, kifua kinauma au unakohoa makohozi, pumzika hadi upone.

Nina pumu. Je, nisahau kabisa?

Hapana, ila anza na daktari au mhudumu wa kliniki. Wengi huambiwa wavute inhela dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia; fuata ulivyoandikiwa wewe, si jirani. Tembea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuanza, funga skafu nyepesi puani na mdomoni ili hewa ipate joto, na inhela iwe mfukoni, sio nyumbani. Kifua kikianza kupiga mluzi, umemaliza kwa siku hiyo.

Nikikimbia dakika mbili roho inataka kutoka. Nina shida ya moyo?

Kwa kawaida shida ni kasi. Tumezoea kuona wanariadha wakipita kama upepo, basi tunadhani hivyo ndivyo kukimbia kulivyo. Zaidi ya hapo, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hata aliyetoka Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, atahema zaidi wiki za mwanzo.

Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia kwa dakika 20. Kipimo ni mdomo wako: ukishindwa kumpigia mwenzako gumzo kwa sentensi kamili, punguza. Wazee wakikupita wakienda kanisani wakikutazama kwa huruma, uko sawa kabisa. Mlima wa kwenda Menengai uache kwanza.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, na siku ya kupumzika katikati. Mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi, na hapo ndipo wengi huumia mifupa ya miguu: wanajisikia wazima, wanaongeza mbio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za nguvu. Utafika, si lazima mwezi huu.

Nivae nini?

Kidogo kuliko unavyotaka. Ukiwa getini usikie baridi kiasi. Jezi ya mpira ya mitumba inafaa kuliko fulana ya pamba, maana pamba hushika jasho na kukugandisha. Soksi kuukuu ni glavu nzuri. Raba za mitumba ni sawa, mradi kisigino hakijalika upande mmoja.

Saa ngapi, na wapi?

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu; usitoke kukiwa bado giza, na ikiwezekana usiende peke yako. Asubuhi za baridi moshi hubaki chini bila kupanda, kwa hiyo epuka upande wa jaa la Gioto na barabara kuu ya malori. Kimbia ukiyatazama magari yanayokuja. Mbwa akikufuata, acha kukimbia, utembee. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nina presha. Na baba ana sukari.

Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo nyote wawili mwoneni daktari kwanza. Baba akitumia insulini, apime sukari kabla ya kutoka na abebe peremende au glukosi. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka: simama, tafuta gari, nenda hospitali.

Nile kabla?

Kwa dakika 20 au 30, maji yanatosha kama huna ugonjwa wa sukari. Ukirudi, vua nguo iliyolowa kabla ya kuketi, ndipo unywe uji. Nduma na yai vikiwepo, vizuri zaidi.