Programu yako ya chesi inakufunga? Bado hujaipima

Vijana wetu wanaosoma kompyuta hapa Unguja wakishatengeneza programu ya chesi, kitu cha mwanzo ni kucheza nayo, wakifungwa wanafurahi wanasema tayari hiyo. Sisi tunaowasomesha tunawaambia bado. Gemu za kawaida zinafanana fanana, unaweza kucheza nyingi tu usikutane na zile sheria za pembeni ambazo makosa ya kodi (maandishi ya programu) ndo yanapojificha, halafu ukifungwa hujui kama programu imecheza vizuri au wewe ndo umecheza vibaya.

Fumbo la chekimeti, yaani mfalme anatishwa na hana pa kuokokea, halina ubishi huo. Ama mfalme amepigwa meti ama hajapigwa, na fumbo likiwa la ajabu ndo linapima zaidi.

Chukua ubao upange hivi (herufi ni safu za wima, namba ni za mlalo). Mweupe ana mfalme f6 na askari f7, basi. Mweusi ana mfalme h7, ngome h8, askofu g8, farasi h6. Mweupe anacheza, meti ya hatua moja. Askari akifika mstari wa mwisho anageuzwa mtu mwingine, lakini ukimgeuza kuwa malkia pale f8 hata cheki (kumtisha mfalme) haipo, ukimla askofu na wewe unaliwa. Jibu ni f8 awe farasi! Mfalme mweusi amezibwa na watu wake mwenyewe g8, h8 na h6, nyumba za g6 na g7 zinalindwa na mfalme mweupe, na farasi yule mpya hana wa kumla kwa sababu ngome iko nyuma ya askofu.

Fumbo dogo hilo linashika makosa mawili. La kwanza, wengi wanaandika kodi ya askari kuwa malkia tu, hawaweki farasi, ngome wala askofu. La pili ndo linaloniuma zaidi: wanaandika kwamba aliyebaki na mfalme na farasi mmoja hawezi kushinda kwa hivyo ni sare, sasa hiyo ni kweli mpinzani akiwa na mfalme mtupu, lakini hapa mpinzani ana watu watatu wengine na hao hao ndo wanaomziba. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinasema mchezaji muda wake ukimalizika amefungwa, ila itakuwa sare kama mwenzake hana njia yoyote halali ya kumpiga meti. Njia ikiwepo, hata iwe ya ajabu vipi, ni ushindi. Kwa hivyo programu hiyo ukiitumia kuamua mashindano ya skuli, mtoto anaweza kunyimwa gemu yake ya haki kwa mstari mmoja wa kodi.

Kuna mafumbo mengine yanayopima jinsi injini, yaani sehemu ya programu inayotafuta hatua, inavyofikiri. Injini nyingi zina njia ya mkato, zinajiuliza "nikipitisha zamu bila kucheza, bado niko juu?", zikiona ndio basi zinaacha kuchimba upande huo. Inaokoa muda mwingi na mara nyingi ni salama. Lakini chesi sio dhumna, hakuna kupita, na yapo mafumbo ambayo mweusi angekuwa salama kabisa kama angeruhusiwa kukaa kimya, ila zamu ni yake na kila atakachogusa kinamharibia. Injini isiyojihadhari hapo inaikata meti na kutupa, ukiipa dakika au ukiipa saa nzima haitaiona.

Halafu nafasi ya kuhifadhi orodha ya hatua ndani ya programu. Mtu anatenga mia anaona inatosha, wakati Nenad Petrović, mtunzi wa mafumbo wa Yugoslavia, mwaka 1964 alitunga mpangilio wenye malkia weupe 9 ambapo mweupe peke yake ana hatua halali 218. Ipe programu yako mpangilio kama huo uone kama haitazimika.

Na usisahau en passant, yaani askari kumla askari wa mwenzake aliyeruka nyumba mbili akampita ubavuni, tafuta fumbo linaloonekana meti kumbe askari anaweza kula kwa njia hiyo akamwokoa mfalme, programu nyingi changa zinatangaza ushindi mapema hapo.

Ila kabla ya yote hayo ihesabishe hatua. Kutoka mwanzo wa gemu, hatua moja ina njia 20, mbili 400, tatu 8,902, nne 197,281. Ikikosea hata moja usihangaike na meti kwanza, rudi ukatafute ni mtu gani wa ubaoni anayekwenda vibaya.