Nanga haishiki kwa uzito, jamani

Jumapili iliyopita nipo ibadani hapa Uyole, mhubiri kafika kwenye ile ya Waebrania, nanga ya roho, akasema ndugu zangu nanga ni nini, nanga ni kile kitu kizito kinachoikalisha meli isiondoke. Watu amina. Mimi nikavuta pumzi kwa nguvu mpaka mama watoto akanifinya, maana ananijua. Ni mara ya nne mwaka huu. Ya kwanza MC kwenye harusi, ya pili kijana wa redioni, ya tatu mteja mmoja aliyeniuliza kwani hiyo boti yenu si mngeifunga tu jiwe kubwa mkalala. Sasa wacha niandike ili niache kuvuta pumzi kanisani.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Nanga ni chuma chenye kucha au ulimi, kimefungwa kwenye mnyororo au kamba, kinashushwa mpaka chini kikajichimbia ardhini ili chombo kisichukuliwe na upepo wala mkondo. Kutia nanga ni hiyo kazi yote mpaka ishike, na kuidondosha ni mwanzo wake tu.

Neno lenyewe limetoka Kiajemi, langar, likaja na majahazi pamoja na wenzake bandari na nahodha ambao nao ni Waajemi, huku kwetu likapoteza ile r ya mwisho na l ikageuka n. Enanga ya Wahaya, kile chombo cha nyuzi, ni neno lingine kabisa, zinafanana sauti tu, kuna mtu alishawahi kunibishia hilo kwenye basi kutoka Makambako mpaka Igawa. Na watu wa pwani wa zamani hawakuwa na neno moja. Nanga kwao ilikuwa hasa ile ya kucha nne, baura ndio ile ya kizungu yenye mikono miwili, na kamba yake ikaitwa amari. Siku hizi baura imekufa midomoni mwa watu, kila kitu nanga, sawa, lugha inatembea, hilo sigombi.

Ninachogombea kipo kwenye kitenzi. Angalia Kiswahili kinasemaje chombo kikiondoka: kung'oa nanga. Hatusemi kunyanyua, hatusemi kubeba. Tunang'oa jino, tunang'oa kisiki, tunang'oa muhogo, yaani kitu kilichoingia ndani ya kingine kikashikwa. Jiwe hung'oi, jiwe unaliinua. Waliotuachia hilo neno walikuwa wanavuta amari kwa mikono na walikuwa wanajua kabisa kule chini kuna nini, sisi tunalitamka kila siku kwenye taarifa ya habari, meli imeng'oa nanga, halafu ukimuuliza mtu nanga inafanyaje kazi anakwambia nzito.

Sasa watu wa huku kwetu hatuna sababu ya kutoelewa hili kwa sababu tuna plau. Mtu wa Mbarali anayelima kwa maksai anajua plau haiingii ardhini kwa sababu ni nzito, inaingia kwa sababu ya ule mdomo wake na pembe, yaani mwinamo, unayovutwa nayo. Refusha mnyororo wa maksai, mvuto unakuwa wa chini chini, plau inazama. Ufupishe sana, mvuto unakwenda juu, plau inaruka inakwangua majani tu na wewe unabaki unakimbia nyuma yake. Basi umeshaielewa nanga, hakuna kingine. Tena siyo mfano wa kutunga, nanga ya boti yetu ni umbo la plau kweli, inaitwa CQR, aliibuni mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor wa Cambridge mwaka 1933, mtu wa hesabu ngumu za maji na upepo ambaye pia alikuwa anapenda matanga, na hizo herufi tatu ukizisoma haraka kwa lugha yao zinatoa sauti ya neno lao la usalama. Ya kwetu ina kilo 15. Ikizama vizuri kwenye mchanga inashika mvuto wa mamia ya kilo. Uzito gani hapo?

Na hilo jiwe la mteja wangu tulifanyie hesabu. Tuseme ni bonge la zege. Zege ukiliweka majini linapoteza kama asilimia 42 ya uzito, kwa hiyo bonge la kilo 200 ulilolibeba watu wanne mkaumia migongo likifika chini linabaki kama kilo 115, na halijachimba chochote, limekaa tu. Wavuvi wa Matema, kule Ziwa Nyasa boti yetu ilipo, wanatumia jiwe kwa mtumbwi na wako sahihi, mtumbwi mwepesi, hauna mlingoti wa kukamata upepo, na wao wenyewe wamo ndani wanavua usipa, jiwe likiteleza wanapiga kasia. Wala hawaiti nanga, wanaita jiwe. Wao hawajakosea neno. Waliokosea ni sisi wenye smartphone.

Boti yenyewe niielezee kidogo maana watu wanaulizaga. Ni ya matanga, futi 27, faibaglasi ya mwaka 1976, mjomba aliinunua Dar kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ikapakiwa kwenye semi ikapanda Kitonga mlingoti umelazwa juu yake kama kitanda cha mgonjwa, kila mzani tunaulizwa hii meli inaenda wapi huku milimani, Ipogolo watoto walitufuata kwa mguu, tukakata Uyole, tukashuka Tukuyu kwenye migomba na mvua, mpaka Kyela, mpaka Matema. Mjomba alidhani kazi imeisha. Kazi ya boti ya zamani haiishi, na ukitaka kujua imeoza wapi itie nanga kwenye upepo, itakuonyesha yenyewe.

Ilituonyesha mwezi wa saba. Kipindi hicho kuna mwera, upepo wa kusini, na Matema ipo kichwani kabisa mwa ziwa kwa kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanakuja yamepata nafasi ya kukua kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na ufukwe uko nyuma yako unakusubiri. Tulikuwa kwenye maji ya mita 4. Mjomba alikuwa amemwaga mita 10 za mnyororo zikarundikana chini kama nguo chafu, akasema imetosha, chuma chote hicho. Saa nane usiku nikasikia mlio umebadilika. Nikaenda omo, pale mbele kabisa ya boti, nikashika mnyororo kwa kiganja. Nanga iliyoshika, mnyororo unakaza na kulegea taratibu kimya kimya. Huu ulikuwa unatetemeka, trrr, trrr, unapumzika, trrr tena, kama daladala kwenye rasta. Nikatazama ufukweni, jioni nilikuwa nimepanga taa ya hospitali na mwembe mmoja kwenye mstari mmoja, sasa mwembe ulikuwa umeshaiacha taa mkono mzima. Nanga inaburura. Kilo zote zile na inaburura, kwa sababu mnyororo ulikuwa mfupi, kila wimbi linainua mdomo wa boti na boti inainua plau.

Tukawasha injini, tukarudi mbele, tukaanza upya. Hesabu ni hii: kina cha maji ongeza urefu kutoka majini mpaka omo, halafu zidisha mara 5 kama ni mnyororo mtupu, mara 7 kama ni kamba. Mita 4 na mita 1 ni 5, mara 5 ni 25. Unashusha huku boti inarudi nyuma polepole mnyororo ulale umenyooka, halafu unaweka giya ya rivasi, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, na unaivuta nanga kwa makusudi mpaka boti ikatae kusogea. Ndipo umetia nanga. Mwanzo mjomba hakuniamini, unawezaje kuzuia kitu kwa kukivuta, nikamwambia mjomba wewe umelima Rujewa miaka mingapi?

Uzito wa mnyororo una kazi yake, nisiseme hauna. Wa milimita 8 una karibu kilo moja na nusu kwa mita, unaulaza mvuto chini na upepo mdogo unaishia kuuinua inua tu. Ila mwera ukichachamaa mnyororo wote unanyooka kama waya wa umeme, hapo ule uzito umeshaliwa, kinachobaki ni pembe na ule ulimi mchangani. Na kile chuma cha omo unachofungia. Cha kwetu asubuhi ile tulikikuta kimelegea kama jino la mtoto, chini ya deki kulikuwa na plaiwudi iliyooza unaichota kwa kijiko, kimeshikwa na skrubu na sala. Fundi mmoja Mwanjelwa akatukatia bamba la stenlesi la kuweka kwa ndani, bolti zikapita mpaka chini, na ile pini ya pete inayounganisha nanga na mnyororo tukaifunga kwa waya isijifungue.

Halafu kuna hili la bandarini. Meli ikiwa imelala ubavu kwa ubavu na gati, kamba mbele kamba nyuma, watu wanashuka na mabegi na kuku, hiyo haijatia nanga, imefunga gati. Boti iliyofungwa kwenye boya ambalo chini yake lina bonge la kudumu, hiyo imefunga kwenye boya, na hapo tu ndipo mambo ya uzito mnaweza kuyasema mkaeleweka. Ilala, ile meli ya abiria ya Malawi, ndiyo imekuwa ikitia nanga kweli, sehemu nyingi hakuna gati, inasimama majini na abiria wanafuatwa kwa boti ndogo. Na huwezi kutia nanga popote unapojisikia. Upande wa Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi, milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, hatua chache kutoka ukingoni kina kimeshakukimbia, utamwaga mnyororo wako wote na nanga itabaki inaning'inia kama kengele.

Mchezaji akisaini klabu mpya mkasema ametia nanga, sina neno, mfano hauna ushuru, ingawa kwa wanavyohama kila dirisha mimi ningesema wamefunga gati.

Mhubiri nilimfuata baada ya ibada, kwa heshima, ni mtu wangu. Nikamwambia baba mchungaji, ile Matendo 27 ya safari ya Paulo ndiyo ya kusomea hili. Wanapima maji wanapata pima 20, wanasogea wanapima tena wanapata pima 15, wanaogopa miamba, ndipo wanatupa nanga nne kwa nyuma wakaomba kuche. Walipima kwanza. Akacheka, akaniuliza kwani hiyo ya kwenu ina kilo ngapi, nikamwambia 15, akasema hebu, mbona huo ni mfuko wa unga. Mwezi ujao ana semina Kyela, ameahidi kupita Matema. Nitamwekea nanga kwenye deki aibebe kwa mkono mmoja, halafu tutaitia mchangani vizuri kwa rivasi, aje aing'oe.