Dubu mweusi anapoingia pangoni: maana na sababu zake

Katika misitu ya Minnesota, kaskazini mwa Marekani, dubu weusi huanza kuingia mapangoni kulala usingizi wa majira ya baridi mwezi Septemba na Oktoba, mara nyingi kabla theluji haijatanda. Anayedhani dubu anaikimbia baridi atashangaa, kwa sababu manyoya yale na mafuta yale yangemtosha. Anachokikwepa ni njaa. Matunda ya mwituni yamekwisha, mbegu za mialoni zimekwisha, majani yamekauka, na mnyama mkubwa kiasi kile hawezi kuzurura miezi sita akitafuta kisichokuwepo. Ndiyo maana kule Florida, kusini mwa Marekani, ambako riziki haikatiki kabisa, baadhi ya madume huendelea kuzunguka msimu mzima bila kulala, ilhali majike wenye mimba huingia mapangoni hata huko. Wanaomjua kamongo, samaki anayejizika kwenye tope kinamasi kinapokauka akasubiri mvua, wana mfano wa karibu wa jambo hili.

Kwa hiyo usingizi wa majira ya baridi ni mbinu ya kuvuka msimu usio na chakula kwa kuutumia mwili polepole sana. Maandalizi huanza mapema. Mwishoni mwa kiangazi dubu hula karibu bila kupumzika, hadi kalori 20,000 kwa siku, kisha hamu ya chakula humwisha taratibu. Vipimo vilivyowekwa ndani ya miili ya dubu wa mwituni vimeonyesha kwamba mapigo ya moyo huanza kushuka hata kabla hajaingia pangoni.

Pango lenyewe mara nyingi si la mwamba. Laweza kuwa shimo alilochimba mwenyewe, nafasi chini ya mizizi ya mti ulioangushwa na upepo, au uwazi ndani ya shina. Katika milima ya Great Smoky, kusini-mashariki mwa Marekani, wapo wanaolala kwenye mashina yenye uwazi, juu kabisa kutoka ardhini. Wengine hutandika kiota juu ya ardhi, wakajikunja humo, theluji ikawafunika. Dubu huvuta ndani majani makavu, nyasi, vitawi na magome, akatengeneza tandiko la kumtenga na ardhi baridi.

Humo ndani hali, hanywi, hakojoi wala hapati choo, na huko kaskazini hali hiyo yaweza kuendelea hadi miezi saba. Urea, ambayo mwili wetu sisi hulazimika kuitoa kwenye mkojo, kwake huvunjwa na kutumika tena kujenga protini. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, maana binadamu anayelazwa kitandani miezi kadhaa hudhoofika misuli na mifupa, lakini dubu hutoka akitembea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks walipima usingizi huu kwa karibu, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo. Joto la mwili wa dubu lilishuka kidogo tu, likicheza kati ya nyuzi 30 na 36 za Selsiasi, lakini matumizi ya nishati yalishuka hadi robo ya kawaida, na moyo ukatoka mapigo kama 55 kwa dakika hadi 14. Mlinganishe na kindi wa ardhini wa Aktiki, ambaye joto la mwili wake hushuka chini ya sifuri. Dubu hubaki na joto la kutosha kuamka akisumbuliwa, na la kutosha kuzaa.

Kwa maana huzaa humo humo. Dubu hupandana kuanzia Mei hadi Julai, lakini kiinitete husubiri bila kujishikiza kwenye mji wa mimba mpaka karibu Novemba. Jike akiwa hakunenepa vya kutosha, mimba haiendelei. Watoto huzaliwa Januari, mara nyingi wawili au watatu, vipofu, wenye uzito usiofika nusu kilo. Wao hawalali usingizi ule. Hunyonya na kukua, na mama huamka kuwahudumia. Januari 2010 watu wengi waliona uzazi wa namna hiyo moja kwa moja kupitia intaneti, kwa kamera iliyowekwa katika pango la dubu aitwaye Lily karibu na mji wa Ely, Minnesota.

Mengi tunayoyajua yametokana na subira ya watafiti wanaofuata dubu waliovishwa kola za redio shingoni. Watafiti hao huingia mapangoni mwishoni mwa baridi, hasa Machi, wakamchoma mama sindano ya usingizi, wakampima, wakakagua kola na kuhesabu watoto, huku wakiwakumbatia ndani ya makoti yao wasipate baridi. Dubu namba 56 alivishwa kola Minnesota mwaka 1981 akiwa na miaka 7, wakamfuata mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 2013.

Kutoka pangoni huanza madume, na mama wenye vichanga huwa wa mwisho. Hata hivyo vipimo vya Alaska vilionyesha kwamba dubu aliyekwisha kutoka na kutembea huendelea kutumia karibu nusu tu ya nishati ya kawaida kwa wiki mbili au tatu.